Kichwa Kalenga, Mwili Mlambalasi

Basi likimaliza kona za Mlima Kitonga, abiria wengi husinzia. Mibuyu imeshapitwa, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vimeshanunuliwa na kusukumwa chini ya viti, na baridi ya Iringa imeanza kupenya madirishani. Muda si mrefu kabla ya kuingia mjini barabara inapita Lugalo, na ndani ya basi hakuna anayeinua kichwa. Jina lenyewe wakazi wa Dar es Salaam tunalitaja kila siku: kambi ya Lugalo, Hospitali ya Lugalo, "shusha Lugalo". Nimelitaja miaka mingi kabla ya kujua kwamba ni mahali, kwamba ni uwanja wa vita, na kwamba nimepita kandokando yake mara zisizohesabika nikiwa nimelala.

Hapo, tarehe 17 Agosti 1891, msafara wa jeshi la Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski uliingia kwenye mtego wa Wahehe. Zelewski huyo alikuwa tayari amepewa na Waafrika jina la Nyundo, na jina hilo linatosha kueleza tabia yake. Wahehe walijificha vichakani na kwenye mawe mpaka msafara ulipokuwa katikati yao, ndipo mikuki ikashuka. Mapigano yalikuwa ya muda mfupi. Nyundo aliuawa pamoja na Wazungu wengine 9 na askari zaidi ya 200, na bunduki na mizinga yao ikabaki mikononi mwa Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Kambi yetu ya jeshi ilipopewa jina la Lugalo, lilitolewa huku.

Nilipokuwa shule, safari yetu ya mafunzo ilikuwa ya kwenda Mikumi kuangalia tembo. Walimu walitupenda na tembo tuliwaona, sina kinyongo. Lakini nimefika utu uzima ndipo nikapanga safari ya kwenda kuona makumbusho ya Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Iringa hadi Songea, kwa mabasi, bajaji na miguu. Nimerudi na jambo moja ambalo limekataa kunitoka: njia hii inaanzia kwenye kichwa kilichorudi nyumbani na kuishia kwenye kichwa ambacho mpaka leo hakijarudi.

Anzia mjini, kwenye Iringa Boma. Ni jengo la enzi za Wajerumani, la kuta nene, ambalo tangu mwaka 2016 ni makumbusho ya mkoa. Nenda asubuhi, kwa sababu hapo ndipo utakapopewa ramani kichwani: nani ni nani, kipi kilitangulia kipi, na kwa nini mji unaitwa hivyo. Iringa ni neno la Kihehe, lilinga, yaani ngome. Wajerumani walipovunja ngome ya Mkwawa kule Kalenga walijenga ya kwao juu ya kilima hiki, na jina likahama nayo. Ukitoka hapo ukiwa na hilo tu, umefaidika.

Kalenga iko kama kilomita 15 kutoka mjini, kwenye barabara ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Magari ya watalii huipita yakienda kutafuta simba. Mimi nilipanda daladala, nikashuka kijijini, nikatembea kati ya nyumba za matofali ya kuchoma na bustani za mboga. Usitarajie jumba kubwa. Ni nyumba ndogo, nyeupe, yenye uwanja uliofagiliwa, na nje yake kuna makaburi ya watu wa ukoo. Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, ambaye wengi tunamkumbuka kama Spika wa Bunge, naye amelala hapo.

"Kamwene," alinisalimu mzee aliyenipokea. Nilijibu kama nilivyofundishwa stendi asubuhi ile, kisha nikarudi kwenye nilichokizoea: "Shikamoo, mzee." Akaitikia marahaba, akaniuliza nimetoka wapi, nyumbani kwetu ni wapi, wazazi wapo? Maswali hayo yote yalitangulia tikiti. Baadaye nilielewa kwamba hayakuwa soga za kupotezea muda. Mahali hapa mtu haingii bila kujulikana ni nani.

Ndani kuna chumba ambacho unaweza kukimaliza kwa hatua chache. Mikuki, marungu, ngao, bunduki, picha za ukoo. Na katikati ya hayo yote, ndani ya kioo, kuna fuvu.

Nilikuwa nimejiandaa kuliona kwa sababu kila mtu hulitaja. Sikuwa nimejiandaa kwa udogo wake. Kwa miaka yote niliyosoma habari za Mkwawa kwenye vitabu vya historia, nilimchora akilini kama mtu wa kimo cha mlango. Na hapa kuna mfupa ambao ungetosha viganja viwili vya mikono, rangi yake kama ya chai iliyokolea maziwa, meno mengine yapo na mengine hayapo. Mzee hakuongea mara moja. Aliniacha nisimame. Aliponiona nimeanza kuinua simu, alisema kwa upole, "Subiri kwanza, mwanangu. Msalimie."

Nimeshatembelea makumbusho kadhaa maishani, sijawahi kuambiwa nisalimie kitu kilichomo kwenye kabati. Tangu siku hiyo kitenzi kimebadilika kwangu. Makumbusho tunayatembelea, kaburi tunalizuru. Kalenga inazuriwa.

Kisha akasimulia, na hapo ndipo makumbusho yenyewe yalipofunguka. Ngome ya Kalenga ilivyoshambuliwa na kuanguka mwishoni mwa Oktoba 1894, Tom von Prince akiwa miongoni mwa walioivamia, yule ambaye wenyeji walimwita Bwana Sakarani. Mkwawa alivyoponyoka na kupigana vita vya msituni kwa karibu miaka 4, akilindwa na watu waliokuwa tayari kuchomewa vijiji vyao kuliko kumtaja alipo. Wajerumani walivyotangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake. Walivyomsimika ndugu yake Mpangile atawale badala yake, na baada ya muda mfupi wakamnyonga. Na mwisho wake, tarehe 19 Julai 1898 kule Mlambalasi, ambapo alipoona amezingirwa alijipiga risasi. Sajenti Merkl wa Kijerumani alipowaona watu wamelala alifyatua risasi yake, akasogea, akakuta Mtwa ameshakufa. Kichwa kikakatwa, kikasafirishwa hadi Ujerumani.

Sehemu inayofuata wanafunzi wetu huijua kwa mstari mmoja tu, nayo inastahili zaidi. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha na mataifa yakakaa Versailles mwaka 1919 kuandika mkataba wa amani, mkataba uliogawa nchi na kutoza mabilioni, ndani yake aliingizwa Mtwa wa Uhehe. Kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani irudishe, ndani ya miezi 6, fuvu la Sultani Mkwawa kwa serikali ya Uingereza. Kifungu hicho hicho kiliitaka pia irudishe Msahafu wa Khalifa Uthman uliotolewa Madina. Msahafu mtukufu na fuvu la Mhehe vikawekwa kwenye kifungu kimoja. Mzee wa Kalenga anakijua kifungu hicho kwa moyo, namba na yote. Alipoitamka "mia mbili arobaini na sita" aliitamka kama mtu anayetaja namba ya hati ya shamba lake.

Waingereza hawakufanya hivyo kwa huruma tupu. Walikuwa wamechukua nchi, na Horace Byatt aliyeiongoza aliona kurudishwa kwa fuvu kungewapendeza Wahehe, waliokuwa wamewasaidia vitani. Wajerumani walijibu kwamba hawalijui lilipo. Miaka ikapita, ikaja vita nyingine, na bado Wahehe walikuwa wakiuliza. Ilimbidi Gavana Edward Twining mwenyewe aende kwenye makumbusho ya Bremen, ambako kulikuwa na mafuvu kwa maelfu. Yakachambuliwa yale yaliyotoka Afrika Mashariki, yakapimwa na kulinganishwa na vipimo vya vichwa vya ndugu zake waliokuwa hai, likapatikana moja linalokaribiana na lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 Twining alilikabidhi kwa Chifu Adam Sapi hapa Kalenga, mbele ya umati wa watu.

Wapo wanahistoria wenye shaka kama kweli ni lenyewe. Wanasema vipimo vile havikutosha, na kwamba gavana alikuwa na haraka ya kuwapendeza watu ambao aliwahitaji. Nilimuuliza mzee bila kuzunguka. Hakukasirika. Alisema watu waliokwenda kulipokea mwaka 1954 walikuwa na wazee kati yao waliomwona Mkwawa kwa macho, na walilia. Basi. Mimi naipa shaka ya wanahistoria heshima yake, na ningependa siku moja kipimo cha vinasaba kifanyike kwa ridhaa ya ukoo. Lakini nilipokuwa nimesimama pale niliona pia kwamba miaka 70 ya kusalimiwa kila siku imelipa fuvu hilo wenyewe ambao hakuna karatasi inayoweza kuwavua.

Kinachonisumbua ni kitu kingine. Ukiondoa sauti ya mzee yule, chumba kingebaki na vyuma, mbao na mfupa, na maelezo machache ukutani. Makumbusho hasa yamo kifuani mwake. Kuna namna anavyopunguza sauti akimtaja Mpangile, na namna anavyoonyesha kwa mkono upande ambao moshi ulitokea siku ngome ilipoanguka, ambayo haimo kwenye kibao chochote na wala haiwezi kuandikwa na mimi. Wasimulizi wa namna hii wapo Kalenga, wapo Songea, wapo Bujora na Bagamoyo. Nawasihi wote wenye kinasa sauti na muda, wanafunzi wa vyuo hasa: nendeni mkawarekodi sasa, kwa lugha zao, bila kuwakatiza.

Mlambalasi ni mbele zaidi kwenye barabara ile ile, kama kilomita 50 kutoka Iringa, kisha unaacha lami. Kuna mnara, kuna kaburi, kuna miamba mikubwa iliyoegemeana na ukimya wa miombo. Mwili uko hapa, bila kichwa. Nilidhani kwamba baada ya 1954 viliunganishwa. Havikuunganishwa. Kichwa kinakaa Kalenga, kiwiliwili kinakaa Mlambalasi, na kati yao magari ya Ruaha yanatimua vumbi kwenda na kurudi. Dereva wa bodaboda aliyenipeleka, kijana wa Kihehe wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, alizima injini mbali kidogo na kaburi ili tumalizie kwa miguu. Sikumwuliza kwa nini.

Isimila sitaisemea sana, ingawa inastahili nusu siku yako. Iko kama kilomita 20 kutoka mjini kwenye barabara ya Mbeya. Watalii hupiga picha nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, ndefu kama minara ya misikiti, na wana haki, zinapendeza. Mimi kilichonishika ni shoka la jiwe. Mwaka 1951 mwanafunzi kutoka Afrika Kusini aliokota mashoka ya namna hiyo hapa, na mwaka 1957 na 1958 Clark Howell na wenzake wakachimba. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 260,000. Mwongozaji aliniwekea moja kiganjani. Lina uzito wa tofali dogo, na upande mmoja umeachwa wa mviringo kusudi usikukate. Kidole gumba kinakwenda chenyewe mahali pake. Aliyelichonga alikuwa na mkono kama wangu.

Kutoka Iringa unapanda basi la kusini mapema, kwa maana siku itakwisha njiani. Mafinga na misitu yake ya misonobari, Makambako ambako barabara ya Songea inachepuka, Njombe ambako hata mchana watu wamevaa makoti, kisha miteremko ya Lukumburu ambako basi linashuka kwa breki na abiria wananyamaza. Ukitokea upande wa pili uko Ruvuma, nchi ya Wangoni. Wangoni na Wahehe walipigana wenyewe kwa wenyewe kabla Mjerumani hajafika, na wazee wa pande zote mbili bado wanataniana kuhusu hilo. Mkwawa alipokufa, Wangoni walikuwa wamebakiza miaka 7 tu kabla ya zamu yao.

Kwa msomaji aliyepita sekondari, Vita vya Majimaji ni mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ni maji ya dawa yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na nafaka, na pengine ni tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotoka mwaka 1969 ambayo tuliisoma kwa kupokezana darasani. Vita vilianza Julai 1905 upande wa Matumbi, na mapema Agosti Kinjikitile alikuwa ameshanyongwa. Maji yalifika Ungoni vita vikiwa vimeshawaka. Hapa Songea kuna jina ambalo halikuwamo kwenye vitabu vyangu vya shule, nalo ni la mwanamke, Nkomanile. Wanasimulia kwamba ndiye aliyeyapokea maji na kuwaunganisha wakubwa wa Kingoni, na kwamba alinyongwa pamoja na wanaume. Mama aliyenitembeza kwenye makumbusho alimtaja kabla ya kumtaja mwanaume yeyote. "Huyu nianze naye," alisema, "kwa sababu wageni huondoka bila kumuulizia."

Makumbusho ya Majimaji yana ukumbi wa silaha, picha na vyombo, na nje yana bustani ya sanamu za manduna, wale majemadari na wasaidizi wa Nkosi, mtawala wa Wangoni. Sanamu zinakutazama usoni kwa urefu wa mtu. Ukipita mbele yake moja baada ya nyingine, na jina likatajwa kila unaposimama, unaona kwamba ni wananchi wa kata na vijiji ambavyo majina yake yamo kwenye vibao vya mabasi hapo stendi.

Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga watu 67 hapa kwa siku moja. Wengi wao walibatizwa na wamisionari kabla ya kupelekwa kwenye kitanzi. Walizikwa kwenye kaburi moja, nalo liko ndani ya uwanja, refu, limejengewa. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake, hakuwamo kwenye shimo hilo. Masimulizi ya hapa yanasema Wajerumani walitaka kumwacha hai wamtumie, naye akakataa kubaki baada ya wenzake. Akanyongwa siku chache baadaye, akazikwa peke yake. Kaburi lake liko kando, na ndani yake, wanasema wazee na ukoo wake, kuna kiwiliwili tu.

Vita vilivyomuua havikuwa vya risasi peke yake. Mashamba yalichomwa na akiba za chakula zikaharibiwa ili watu wakubali kwa njaa. Makadirio ya wanahistoria ya waliokufa ni kati ya 75,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa hiyo. Kwenye ukumbi kuna vinu na vyungu. Hapo awali nilivipita haraka nikielekea kwenye bunduki. Nilipomaliza kuzunguka na kuelewa, nilirudi kuviangalia upya.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa Songea. Aliinama mbele ya makaburi, akakutana na ukoo wa Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yale ambayo nchi yake iliyatenda, na akaahidi kwamba watasaidia kutafuta kichwa. Miezi michache kabla yake, taasisi ya makumbusho ya Berlin ilikuwa imemaliza kuchunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa wakati wa ukoloni kutoka nchi zetu, mengi zaidi kutoka Rwanda, zaidi ya 200 kutoka Tanzania na machache kutoka Kenya. Machache kati yake yalilinganishwa kwa vinasaba na koo zilizo hai hapa Tanzania, na matatu yakapata ndugu zao. Matatu! Kwenye orodha ya wanaotafutwa bado yumo pia Mangi Meli, chifu wa Wachaga wa Old Moshi, aliyenyongwa Machi 1900.

Naandika hili nikiwa na picha mbili akilini, na haziachani. Moja ni mzee wa Kalenga akitamka namba ya kifungu. Nyingine ni mama wa Songea akinionyesha viti vya wageni vilikopangwa siku ile ya Novemba, hatua kwa hatua, kiti cha rais hapa, wajukuu wa Nduna pale. Nilimuuliza tangu hapo kumetokea nini. Alisema watu wa ukoo huja, hukaa, huuliza, huondoka.

Ukitaka kuona Songea yenyewe, usije wakati wowote tu. Njoo Februari, siku chache kabla ya tarehe 27, na utafute chumba mapema maana nyumba za wageni hujaa. Kumbukumbu za mashujaa hufanyika kila mwaka, na wajukuu wa waliozikwa huja kutoka Namtumbo, Mbinga, Tunduru na hata Dar es Salaam. Mama aliniambia hayo akiwa anafunga dirisha la ukumbi, kwa kuwa jua lilikuwa linazama. Kisha tulipita tena kwenye kaburi la Nduna kwa njia ya kutokea. Kulikuwa na jani kavu la mwembe juu ya saruji, upande wa kichwani. Aliinama akaliokota, akalishika mkononi mpaka tulipofika getini.